Alizeti za Kariakoo

Sanamu ya Askari

Anayetaka kuijua Dar es Salaam ya katikati kwa miguu yake na aanzie kwenye Sanamu ya Askari, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe, asubuhi mapema kabla foleni haijakaza na fukuto la bandari halijapanda. Askari huyo wa shaba ameinamia mbele kidogo, bunduki mkononi, singe imeelekea baharini, na amekuwa katika mkao huo tangu 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyong'olewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Huyu wa sasa ni ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi ya chini yake ni ya Kiswahili na Kiingereza. Mchongaji wake, Mwingereza James Alexander Stevenson, ndiye pia aliyefanya sanamu za ukumbusho wa vita hivyo hivyo zilizoko Nairobi na Mombasa, kwa hiyo askari wa Samora ana ndugu zake kaskazini.

Sanamu ya shaba haitoki moja kwa moja mikononi mwa mchongaji. Yeye hufinyanga umbo kwa udongo au plasta, kisha mafundi wa kuyeyusha shaba, ambao majina yao hayaandikwi popote, hutengeneza kalibu na kumimina, na umbo moja laweza kuzaa sanamu zaidi ya moja. Hata hivyo hakuna anayepita Samora akasema kwamba askari yule ni feki. Wimbo nao huimbwa na wasioutunga, shairi hughanwa na wasiolitunga, na hakuna anayelalamika. Picha ya rangi peke yake ndiyo tuliyofundishwa kuidai iwe moja tu duniani, na kila inayofanana nayo tukaiita bandia. Nilizunguka mitaa ya katikati ya jiji hadi Kariakoo nikitazama picha zilizonakiliwa kwa mkono, za Wazungu wa karne ya 19 na zile za ndugu zao wa hapa nyumbani, za mtindo wa Tingatinga. Nimerudi na hoja moja: kunakili picha kwa mkono ni ufundi wenye heshima yake, na kinachouharibu ni kufichwa kwa jina, liwe la aliyebuni au la aliyechora.

Mtaa wa Samora hadi Kivukoni

Sehemu hii ya mji bado ina sura ya ukoloni wa Kijerumani kwa yeyote anayeinua macho juu ya vibao vya benki: paa la vigae vyekundu na mnara wa kanisa la Azania Front, mnara mrefu wa kanisa la Mtakatifu Yosefu mbele ya bandari, kuta nene na veranda pana zilizojengwa mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20. Chini ya veranda hizo kuna kahawa chungu kwa vikombe vidogo na kashata, muhogo wa kuchoma uliopasuliwa katikati na kutiwa chumvi na pilipili, na maduka ya vinyago. Humo ndimo picha za Tingatinga zinapotundikwa kwa wingi. Chui mwenye madoa mviringo, twiga wawili waliopindana shingo, ndege juu ya tawi lenye maua, Mlima Kilimanjaro na msururu wa tembo chini yake. Picha ile ile utaikuta katika saizi nne au tano, kuanzia ya kutia mfukoni hadi ya kujaza ukuta wa hoteli, na duka la jirani nalo litakuwa nayo. Mgeni mwenye elimu ya majumba ya sanaa hununa hapo. Kama zote zinafanana, huuliza, ya kweli ni ipi?

Jibu linahitaji historia kidogo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam kutafuta riziki kama maelfu ya vijana wa kusini. Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia vipande vya hadibodi vya mraba, upande kama sentimita 60, na rangi ya mafuta ya dukani, ile ile ya kupakia baiskeli na milango. Soko lake lilikuwa Oysterbay, kwenye maduka ya Morogoro Stores, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni waliokuja nchini kwa kazi. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliolidhania gari alimokuwa kuwa la wahalifu, akafa. Kazi yake yote, basi, ni ya miaka michache mno. Lakini alikuwa ameshawafundisha jamaa zake na vijana wa karibu, miongoni mwao Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Omari Amonde na Abdallah Ajaba, nao wakawafundisha wengine, hadi mwaka 1990 wachoraji wakawa na chama chao cha ushirika. Jina la marehemu likageuka kuwa jina la mtindo.

Hatima hiyo si ya Tunduru peke yake. Iliwapata wachoraji wa Ulaya pia: Van Gogh alikufa 1890, Seurat 1891, Gauguin 1903, Cézanne 1906. Mwingereza Roger Fry alipofungua maonyesho yake London mwaka 1910 na kuwaita posti-impreshonisti, hapakuwa na hata mmoja kati ya hao wanne aliyebaki hai wa kulikubali jina hilo au kulikataa. Wafaransa walikuwa pia na Henri Rousseau, karani wa ushuru aliyejifunza kuchora mwenyewe, akachora misitu ya simba na nyani bila kutoka nje ya Ufaransa, akiitazama mimea ya bustani za Paris. Wageni walionunua chui wa Oysterbay walikuja na macho yaliyokwisha kuzoezwa na picha kama hizo: rangi bapa, mstari mzito kuzunguka umbo, mnyama anayejaza uwanja wote. Sidai kwamba Tingatinga alimjua Rousseau. Nasema kwamba mnunuzi alimjua, na mnunuzi ni nusu ya habari ya picha yoyote iliyotoka dukani.

Ndani ya mtindo huu desturi ya kunakili ina utaratibu wake. Mchoraji akibuni mpangilio mpya wa ndege au wa samaki ukapendwa, wenzake huuchukua, wakauchora, kila mmoja akitia saini yake mwenyewe. Kijana anayejifunza huanza kwa kujaza rangi ya nyuma, kisha madoa, kisha mistari ya mwisho, na siku ile anapoanza kusaini ndipo anapohesabiwa kuwa mchoraji. Kwa hiyo ukizikuta picha tano zinazofanana Samora, tazama pembe ya chini kulia. Kuna majina matano. Yule mgeni aliyenuna alitazama chui, hakutazama saini.

Upinzani wa kwanza ni ule wa walimu wa sanaa: desturi hii huua ubunifu, kwa sababu kijana aliyekwisha kuona kwamba twiga huuzika hatahangaika kutafuta kingine. Ni upinzani wa maana, na maduka ya Samora yana ushahidi wake mwingi, maana twiga wengi wa pale wamechorwa na mtu ambaye hakuwa akimfikiria twiga. Lakini kutoka kwenye mkondo huo huo alitoka Mohamed Charinda, aliyeugeuza mtindo wa mnyama mmoja kuwa wa masimulizi, picha zilizojaa watu, vijiji, mizimu na historia. Alitoka David Mzuguno, aliyefariki 2010, ambaye majani na maua yake yamesongamana kiasi kwamba mnyama hupotea ndani yake. Wote wawili walipita kwenye kunakili, na badala ya kuwafunga kuliwapa mkono mwepesi na njia ya kula. Walimu wanaotaka msanii aanze na ubunifu mara nyingi husahau nani atamlipia kodi ya chumba wakati anabuni.

Safari haiwezi kupita mjini bila kuitaja Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa 1972 na mtawa wa Maryknoll, Jean Pruitt, ingawa leo hakuna cha kuona: jengo lake upande wa Upanga lilibomolewa na maghorofa yakachukua nafasi. Hapo ndipo George Lilanga, Mmakonde, alipokomaa kuwa msanii aliyejulikana hadi Ulaya na Marekani kwa mashetani yake yenye matumbo makubwa na masikio marefu. Kisukari kilipomdhoofisha miaka ya mwisho kabla ya kifo chake mwaka 2005, wasaidizi walishika sehemu kubwa ya kazi, na picha zikaendelea kutoka kwa jina lake. Huu ni mfano ulio kinyume cha saini tano za Samora: mikono mingi, jina moja. Soko la Ulaya lililipia jina, na hadi leo wanaozikusanya picha zake hubishana ipi ni ya mkono wake. Ubishi huo ungekwisha siku ya kwanza kama nyuma ya kila picha pangeandikwa nani alichora nini.

Jioni katikati ya mji ni ya Kivukoni. Soko la samaki la Feri linakuwa limeshapunguza kelele za mnada, na mama lishe wanakaanga changu na vibua, ugali ukipakuliwa wa moto. Pweza huchemshwa kandokando na supu yake kuuzwa kwa kikombe, wanaume wakiinywa kwa sababu wanazozijua wenyewe.

Mnazi Mmoja

Siku iliyofuata njia inapanda kutoka Kisutu, penye harufu ya bizari na bhajia, hadi Mnazi Mmoja. Watu hupumzika hapo chini ya miti wakiona ni bustani tu. Kwa kweli ni mpaka. Watawala wa kikoloni waliugawa mji kwa madaraja ya majengo, na kwa hiyo kwa rangi za watu: Uzunguni upande wa mashariki, Uhindini katikati, Uswahilini magharibi, na uwanja huu wa wazi ukaachwa kutenga Uhindini na Uswahilini, kwa kisingizio cha afya. Sheria hizo zimekufa zamani, lakini katika habari ya picha mpaka bado upo. Upande wa Samora picha huitwa sanaa, kwa miaka mingi iliuzwa kwa dola, na mwenye duka hukueleza habari za msanii. Ukivuka, picha huitwa pambo la ukuta, huuzwa kwa shilingi, na hakuna anayekueleza chochote. Watu wengi walioandika juu ya uchoraji wa Dar es Salaam hawakuvuka.

Mtaa wa Uhuru

Nguo ndiyo inayompokea mtu Kariakoo. Mtaa wa Uhuru, kuanzia Mnazi Mmoja kwenda Msimbazi, ni ukuta wa kanga na vitenge vilivyokunjwa vikapangwa hadi darini, na wauzaji humwita kila apitaye kwa jina la ukoo wa kubuni: mama, dada, shemeji, mjomba. Shikamoo hutangulia, bei hufuata, na bei ya kwanza ni ya kuzungumza tu. Nimekaa sana na nguo hizi kwa sababu zinajibu upinzani wa pili, ule wa wazalendo: kwa nini Mswahili atundike sebuleni ua la Mzungu, iwe limenakiliwa vizuri au vibaya, wakati ana ya kwao?

Kitenge ni nakala. Wajava walikuwa na ufundi wa kupaka nta kwenye kitambaa kwa mkono na kukitia rangi. Waholanzi katika karne ya 19 wakauiga kwa mashine, kampuni ya Vlisco ya Helmond, iliyoanzishwa 1846, ikiwa miongoni mwao. Nguo ikapata soko Afrika kuliko ilikokusudiwa. Kisha viwanda vya China vikawaiga Waholanzi, na ndicho unachokipata leo Uhuru kwa bei ya kuvaa kila siku. Nakala ya nakala ya kitu cha Java. Hakuna bibi harusi wa Temeke aliyewahi kuambiwa kwamba amevaa cha watu. Nguo imekuwa yetu kwa kuvaliwa harusini na msibani, na picha ya ukutani hupata wenyeji kwa njia hiyo hiyo. Tena, ua hilo likiwa alizeti, mkulima wa Singida analijua kuliko mchoraji yeyote wa Paris.

Kanga inakwenda mbali zaidi. Mitindo yake hurudiwa miaka nenda miaka rudi, jina jipya juu ya mji ule ule na pindo lile lile. Imechapwa Ulaya, India, Japani, kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, na sasa China. Lakini ukiigeuza kanga ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa utakuta pembeni alama ya Mali ya Abdulla, na wanawake waliokuwa wakinunua kwa macho makali walianza kuisoma hapo kabla ya kusoma jina. Biashara nzima ya kurudia na kuiga ilisimama kwa zaidi ya karne moja bila kuvunjika, kwa sababu mtengenezaji alikubali kuandikwa. Wenye maduka ya picha wana la kujifunza kwa majirani zao wa Uhuru.

Sokoni na Mtaa wa Kongo

Kariakoo yenyewe ilianza na ukumbi ambao Wajerumani walikuwa wameujenga kwa maonyesho ya 1914. Vita ikayafuta maonyesho, Waingereza wakaweka pale kambi ya wapagazi wao, wale wa Carrier Corps, na jina likabaki. Askari wa Samora na soko hili ni watoto wa vita moja. Jengo kubwa la soko lilibuniwa na Beda Amuli, msanifu majengo mzalendo, likafunguliwa katikati ya miaka ya 1970: paa la zege lililogawanyika kama miavuli mikubwa iliyofunguliwa juu chini, mwanga ukiingia kati ya mwavuli na mwavuli na hewa ya moto ikitokea huko huko. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya. Anayefika na asikimbilie ndani; asimame kwanza ng'ambo ya barabara alitazame paa, maana ni kazi ya sanaa iliyo kubwa kuliko zote katika wilaya hii na mamilioni wameipita wakiwa na magunia ya vitunguu.

Kutoka hapo Mtaa wa Kongo unasukuma watu kwa mabega. Mitumba, sufuria, simu, viatu, mikoba, na hapa na pale picha za ukutani zimeegemezwa kwenye nguzo: Kaaba usiku, Karamu ya Mwisho, maporomoko ya maji yasiyo ya nchi yoyote, farasi weupe, na alizeti katika chungu cha manjano. Nyingi zimechapwa kwa mashine juu ya kitambaa. Chache zimepakwa kwa mkono kweli. Ukipitisha kidole utasikia vilima vya rangi, na ukitazama kwa ubavu utaona brashi ilipoanzia na ilipoachia. Kwa mkono wa nani? Nyuma ya turubai hamna neno.

Picha za mafuta za kunakili zinazozunguka dunia kwa sehemu kubwa hutoka Dafen, mtaa wa Shenzhen kusini mwa China, jimbo lile lile la Guangdong ambalo wafanyabiashara wa Kariakoo hulifuata kwa ajili ya bidhaa za Guangzhou. Mfanyabiashara wa Hong Kong, Huang Jiang, alihamia pale na wachoraji wake mwaka 1989, na kijiji cha wakulima kikageuka kuwa karakana ya maelfu. Kuna walioweza kupanga turubai kumi ukutani na kuzichora kwa pamoja, mmoja anga, mwingine maua, mwingine chungu. Filamu ya mwaka 2016 ya Yu Haibo na binti yake ilimfuata mmoja wa wachoraji hao hadi Amsterdam, akaikuta kazi ya mikono yake ikiuzwa dukani kwa watalii kwa bei ya mara nyingi ya ile aliyolipwa. Mtu aliyekwisha kuchora alizeti kwa miaka ishirini anamjua Van Gogh kwa kiwiko na kwa mgongo, jambo ambalo maprofesa hawana. Picha yake imesainiwa Vincent.

Vincent mwenyewe angeshangaa na ukali wetu dhidi ya nakala. Mwaka 1887 akiwa Paris alinakili kwa mafuta picha mbili za Hiroshige wa Japani. Alipokuwa hospitalini Saint-Rémy, 1889 na 1890, alinakili kazi za mchoraji Millet zipatazo ishirini, akitumia chapa za nyeusi na nyeupe, rangi zote akizitoa kichwani, na akamweleza ndugu yake Theo kwamba anafanya kama mpiga muziki anayepiga utunzi wa mwingine. Alizeti zile za Agosti 1888, ambazo sasa ziko London, alizirudia mwenyewe. Ya Amsterdam ni marudio ya Januari 1889, na ya Tokyo, iliyonunuliwa 1987 kwa karibu pauni milioni 25, nayo ni marudio. Watu wanaosema kwamba nakala haina thamani wajibu kwanza hilo la Tokyo. Watajibu kwamba ile ni ya mkono wake. Vema, basi tumekubaliana kwamba thamani inafuata mkono, na swali linarudi pale pale: kwa nini mkono wa Dafen ufutwe?

Upinzani wa tatu ni wa mashine. Kama chapa ya kitambaa ni rahisi na inafanana zaidi, mkono wa nini? Makumbusho ya Van Gogh ya Amsterdam yenyewe, mwaka 2013, yalitoa nakala zilizopigwa kwa mashine pamoja na vilima vyake vya rangi, bei ikiwa zaidi ya pauni elfu 20 kwa moja. Nakubali kwamba kwa kufanana mashine imeshinda. Fundi wa mabango aliyekuwa akiandika kwa brashi juu ya milango ya maduka ya Kariakoo ameshindwa na mabango ya plastiki kwa sababu mteja alitaka herufi tu. Lakini kufanana sicho kitu pekee mtu anachonunua. Kunakili kwa mkono ni kuisoma picha upya kutoka mwanzo hadi mwisho, kuamua kwa kila jani ni mkwaju mmoja au miwili, na maamuzi hayo huonekana. Picha ya mkono iliyokosewa ina mtu ndani yake. Chapa iliyokosewa ina hitilafu.

Wapo mwishowe wanaosema ni wizi. Kwa wafu wa zamani sheria haisemi hivyo: Van Gogh ana zaidi ya miaka 130 kaburini na kazi zake ni za wote. Kwa Tingatinga hesabu ni ya juzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo kwa aliyekufa 1972 muda huo ulikwisha pamoja na mwaka 2022. Mtu yeyote anaweza kuchora chui wake. Asichoweza ni kuandika chini yake E. S. Tingatinga na kumuuzia mgeni kama kazi ya 1970. Huo ndio wizi, na unamwibia mnunuzi fedha, marehemu jina, na mchoraji mwenyewe kazi yake, ambayo huenda ni nzuri. Sheria imekwisha kufungua mlango. Kilichobaki ni desturi, na wachoraji wa mtindo huu wanayo tayari, ya saini tano kwa chui mmoja. Kinachokosekana ni neno moja zaidi nyuma ya picha: imetoka kwa nani.

Gerezani

Njia inaishia Gerezani, kusini mwa soko, penye maduka ya vifaa vya ujenzi, nyundo za wafua bati na moshi wa kuchomea vyuma. Mchana huliwa wali maharage au ndizi nyama kwenye benchi, jasho likitiririka. Hapa ndipo picha zinapoanzia, kwenye makopo. Ukiomba rangi ya mafuta unapewa ile ya milango na madirisha, yenye kung'aa, na ndiyo ambayo Tingatinga aliichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Haifanyi kazi kama ile ya tyubu ya wachoraji wa Ulaya, iliyosagwa na mafuta ya kitani na inayokaa siku nyingi, hata wiki, ikiwa mbichi. Ya kopo hulala bapa, haishiki alama ya brashi, hukauka haraka, na doa la juu halichanganyiki na la chini. Twiga wa Samora ana sura ile kwa sababu ya kopo, na mchoraji wa Dar atakayetaka kumnakili Van Gogh kwa rangi hii hatapata vilima vyake. Atalazimika kutafuta njia nyingine ya kuusema mkwaju ule, kwa vistari labda, au kwa madoa, na hapo tayari atakuwa amefanya zaidi ya kunakili.

Atakutana na tatizo jingine, na hili linamhusu kila anayesema kwamba nakala lazima ifuate ya asili. Asili yenyewe imehama. Chumba cha kulala cha Arles, ambacho Van Gogh alikichora Oktoba 1888, kiliharibiwa na unyevu, na mwaka uliofuata akakirudia mara mbili. Katika barua zake kuta ni za zambarau iliyopauka. Leo ni za buluu, katika picha zote tatu, kwa sababu rangi nyekundu iliyokuwa imechanganywa humo ilififia kwa mwanga; watafiti wamelithibitisha hilo, kama walivyothibitisha kwamba baadhi ya manjano zake zimeelekea kahawia. Mashine hunakili kufifia. Makumbusho hulinda kufifia. Anayechora kwa mkono peke yake ndiye anayepaswa kuamua, akiwa amesimama mbele ya rafu, kama atafuata ukuta ulioko Amsterdam sasa au ule alioueleza mwenye picha. Akichagua zambarau, wateja wengi watasema amekosea. Kopo la buluu na la nyekundu yanapatikana yote katika duka lolote la Gerezani, na mwenye duka atamchanganyia akitaka, mradi aseme anataka ipi.